Mgeni Aliyeitwa Hekima

Mahindi ya mbegu, yale ya kuning'inizwa juu ya meko mpaka yageuke meusi kwa moshi, yana harufu yake. Nikiinusa hata leo, narudi Lambwe, kwenye boma letu, msimu mmoja wa miaka ya tisini ambapo mvua ilikuja na sisi tukabaki tumeketi.

Msicheke. Mvua ilinyesha hadi vyura wakatafuta mwavuli, lakini hakuna jembe lililogusa udongo. Kwa desturi yetu, mke wa mwana mkubwa ndiye hufungua upanzi, kisha wengine wanafuata. Mwana mkubwa alikuwa baba yangu, naye tulikuwa tumemzika. Mjane hafungui upanzi mpaka mwanamume wa ukoo amrithi, na mama, ambaye kila mtu alimwita Nyar Ntimaru, yaani binti wa Ntimaru, alikuwa amekataa. Boma zima likakwama nyuma yake, na njaa ikiangalia.

Baba mdogo Owuor, ndugu aliyemfuata baba, hakuwa mtu mbaya. Alikuja mlangoni, akavua kofia.

"Shemeji, tumia akili. Mtu aje siku moja tu, kesho tunapanda. Ama watoto watakula maombi?"

"Nipe muda nimwulize Mungu."

"Basi mwulize haraka. Mvua haina subira kama yeye."

Alfajiri nikamsikia mama nyuma ya pazia, akiomba kwa Kiswahili, lugha ya Biblia yake. "Bwana, akili yangu imefika mwisho. Nitumie hekima. Nitumie leo." Mimi Kiswahili changu kilikuwa cha kununulia chumvi tu. Nilijua kwamba anayetumwa kwa watu ni mgeni. Nikafagia uwanja mpaka ardhi ikaomba msamaha, kisha nikaketi kando ya njia.

"Unangoja nani, nyathina, mtoto wangu?" akaniuliza Mama Akinyi, mke wa Owuor.

"Hekima. Mama amemwita aje leo."

"Hekima? Ni mwanamume?"

Nikafikiri. "Nadhani. Anakuja kutusaidia mambo ya kupanda."

Uwi! Habari ilifika soko la Rodi Kopany kabla sijameza mate. Jua halijapanda vizuri, Owuor akatokea anapumua kama fahali, mkewe nyuma yake.

"Kumbe, Nyar Ntimaru! Sisi umetukataa, na una wako! Huyo Hekima ni nani? Ni mmoja wa wale Waswahili wenye maduka ya nguo mjini?"

Mama akamtazama, akanitazama mimi, akaelewa. Alicheka mpaka akakaa chini. Tangu matanga sikuwa nimemsikia akicheka. Alipomaliza, macho yalikuwa yamelowa.

"Shemeji, hekima niliiomba kwa Mungu. Haivai suruali."

Hata Owuor mdomo ulimcheza. Ndipo mama akaingia jikoni, akatoka na mahindi yale meusi, akayaweka mikononi mwa Mama Akinyi.

"Fungua wewe. Kuanzia leo mimi si wa kwanza hapa. Nihesabuni wa mwisho kabisa. Wa mwisho hamzuii mtu."

"Na chira je?" Owuor akauliza kwa sauti ndogo, maana anayevuruga mpangilio wa boma hupatwa na laana hiyo.

"Ianzie kwangu. Hilo nalo nimeshamwambia Mungu."

Mama Akinyi akaangalia mawingu, akakaza leso, akaingia shambani.

Siku ile niliona tu kwamba tumepanda. Gharama yake niliielewa nikiwa mtu mzima. Kila sherehe ya boma mama aliketi mwisho na kupakuliwa mwisho, na wasichana walioolewa juzi walipita mbele yake wakimwambia samahani. Naye aliwajibu, "Piteni tu."

Baba mdogo alikuwa amefikiri vizuri, na mama pia alikuwa amefikiri mpaka kichwa kikamwuma. Wote wawili walitafuta namna ya mama kubaki pale juu, wa kwanza wa boma. Kushuka hakukumjia mtu yeyote akilini. Kulimjia mama akiwa amepiga magoti, na mtu aliyepiga magoti ameshaanza kushuka.