Hortensia za Mama Kando ya Barabara

Mbele ya nyumba yetu ya Bukavu mama alipanda hortensia za buluu. Vijiti vya kwanza alivitoa kijijini Nyantende, uani kwa mama yake, wiki ile tuliyomzika bibi. Baadaye wajomba waligawana shamba na nyumba ikabomolewa, kwa hiyo hortensia ndizo pekee zilizombakia kutoka kwa mama yake. Kila asubuhi alizisalimia kabla ya kutusalimia sisi wanawe. Kusema kweli, nilizionea wivu.

Enzi zile za Zaire, tukaambiwa mgeni mkubwa kutoka Kinshasa atapita barabara yetu. Shefu wa avenyu, yaani mkuu wa mtaa wetu, mtu wa chama aliyezijua nyumba zetu kuliko wenye nyumba, akatoa amri. Jumamosi, siku ya salongo, ile kazi ya lazima tuliyotakiwa kuifanya kwa furaha, kila mtu ang'oe maua yake yaliyochanua ayapande kando ya barabara. Baba alikuwa karani wa serikali. Nyumbani kwetu amri haikujadiliwa.

Mama alichimba akijitahidi kuziondoa na udongo wake, lakini mizizi ya hortensia hutambaa mbali, na shefu alikuwa nyuma yake akipiga filimbi. Zikapandwa saa sita, jua likiwa utosini. Kufikia jioni zote zilikuwa zimeinama.

Basi kila mtu akawa daktari. Jirani mmoja alisema ni kiu, akazimwagia ndoo nzima. Mwingine akasema ni jicho la mtu. Wa tatu akaleta majivu. Mama aliwashukuru, kisha akaniambia kwa hasira kwamba wanazimalizia kabisa. Udongo ulikuwa tope tupu. Maji yalikuwapo, ila mizizi ya kuyanywa ilibaki uani kwetu, na majani yale mapana yaliendelea kudai.

Shefu alipopita, mama alimsimamisha, akamwita citoyen, yaani raia, kama chama kilivyotaka tuitane.

"Citoyen, haiko ugonjwa. Mizizi ilikatika, na majani iko mingi sana. Acha nikate maua na nusu ya majani, niweke kivuli ya majani ya ndizi. Itasimama."

"Ukate maua? Mugeni ataangalia nini, vijiti?"

"Kama sikate, itakauka."

"Ya benzako iko inasimama muzuri, citoyenne. Ni ya kwako tu njo inatuletea sura ya matanga."

Alisema kweli, na hapo ndipo damu yangu inapochemka hadi leo. Maua ya majirani yalisimama kwa sababu hayakuwa na mizizi. Walikuwa wajanja: kila alfajiri walikata matawi mapya, wakayachomeka ardhini, wakaenda zao sokoni Kadutu. Mama peke yake ndiye aliyetii, akapanda mimea mizima, na mmea mzima ukihamishwa lazima uumwe kwanza. Nilitaka kumwambia shefu hivyo. Mama akanifinya mkono, nisiwachongee majirani. Mwenye nguvu mpishe, wanasema. Tulimpisha mpaka tukakosa pa kusimama.

Majani yakakauka, yakaanguka. Vikabaki vijiti vya kahawia, na mama akawa anakwenda kuvikwangua kwa ukucha, kimoja kimoja. Chini ya ganda palikuwa na kijani. Alirudi nyumbani akiimba polepole.

Siku moja kabla ya ziara, shefu alikuja na vijana wa chama kusafisha barabara. Wakaanza na zetu. Mama alikimbia na kanga ya jikoni kiunoni, baba nyuma yake na abakosti yake ya kazini, ile suti isiyo na tai. Mmea wa kwanza ulipotoka, tuliona vimizizi vipya, vyeupe, vyembamba kama uzi. Mama akaukwangua mbele ya shefu.

"Angalia, citoyen. Iko muzima! Angalia!"

Shefu aliinama, akaangalia vizuri kabisa. Hakuwa mjinga.

"Naona. Lakini mugeni hatakuja kukwangua."

Wakazitupa zote kwenye lundo la takataka za salongo. Mama akaomba tawi moja tu, arudi kulipanda kwake. Shefu akasema maua yale sasa ni ya avenyu, si ya mtu. Mama alikuwa tayari ameshika tawi. Baba akamsogelea, akamfungua vidole taratibu, akalirudisha tawi kwenye lundo.

"Maman, wacha," akasema. "Tuko na batoto."

Sijawahi kumchukia baba kama dakika ile, wala kumhurumia hivyo. 

Wakawasha moto. Majani makavu na karatasi viliteketea mara moja, lakini hortensia zilikataa kushika. Zilitokota kwa sauti nyembamba, zikatoa povu kwenye ncha na moshi mzito mweupe uliotutoa machozi sote, shefu naye, na hakuna aliyehitaji kueleza yake yametoka wapi. Vijana wakamwaga petroli. Bado zikatoa moshi. Mama alisimama pale mpaka mchana, akikataa kuingia ndani, kisha akamgeukia baba.

"Unasikia vile inalia?" akasema. "Ilikuwa imeanza kunywa."