Nilivyoshindwa Kuwa Baba Mkali

Nilipofika Riyadh nilikuwa na miaka hamsini na sita, ndevu nyeupe, na leseni ya udereva ambayo picha yake ilikuwa ya kijana. Wakala wa Mombasa aliniambia nisiwe na wasiwasi, maana Waarabu wanapenda dereva mtu mzima, asiyekimbiza gari wala kutazama wanawake. Nilikuwa nimefundisha madrasa miaka thelathini na nilizijua kanuni za tajwidi, za kuisoma Kurani, kuliko za barabarani, lakini Mungu ni mkarimu. Alinijaalia kafili, yaani mwajiri aliyenidhamini, mpole. Mke wa kafili, ambaye sote tulimwita madam, alikuwa na duka la magauni ya harusi katika mtaa wa Olaya, na kazi yangu ilikuwa kuyapeleka magauni kwa wenyewe. Miaka minne niliendesha gari lililojaa maharusi wasio na vichwa.

Magauni yalishonwa katika nyumba moja mtaa wa Al-Naseem, na humo humo ndimo tulimoishi sisi wafanyakazi wanaume. Mafundi walikuwa watano, wote Wafilipino. Aliyewapita wote kwa mkono alikuwa mtu wa miaka thelathini na kitu, mwembamba, aliyeweza kushona shanga kifua kizima cha gauni huku akibishana na kila aliyemo chumbani. Tuliongea Kiarabu cha kuokoteza chenye viraka vya Kiingereza; hapa nakiandika kwa Kiswahili, na nakiri kinapendeza zaidi kuliko kilivyokuwa. Yeye aliniita Tatay, ndiyo kusema baba kwa lugha yao. Mimi nilimwita Fundi.

Kwao Manila, Fundi alikuwa akishona mavazi ya sinema. Si zile sinema kubwa zenye magari yanayolipuka. Hizi zilikuwa sinema huru, za watu wasio na kampuni wala tajiri, zinazopigwa kwa siku kumi na mbili kwa kamera ya kuazima, na waigizaji wake ni majirani. Saudia wakati huo haikuwa na majumba ya sinema, kwa hiyo kila Ijumaa, baada ya swala na chakula, mafundi waliteremsha mapazia, wakatundika shuka ukutani na kuzionyesha.

Niliangalia moja tangu mwanzo hadi mwisho. Ndani yake mwanamume aliosha mchele. Akauosha tena. Nikasubiri aupike. Hakuupika. Akatoka nje, akatazama mvua, akarudi, akautazama mchele. Kisha yakaja majina ya watu na wote chumbani wakawa wanafuta machozi.

"Kwa nini mnalia?" nikauliza. "Mchele umeharibika?"

"Tatay," Fundi akasema, "rafiki yake amemwacha. Aliosha mchele wa watu wawili."

Nikasema lingekuwa jambo la busara mtu mmoja kati yao kulitamka. Akaniambia hiyo ndiyo tofauti ya sinema huru na sinema za wajinga.

Rafiki yule aliyemwacha alikuwa mwanamume. Hilo nililielewa bila kuelezwa, kwa sababu na mimi si mtoto, na kwa sababu ya wageni waliokuja kila Ijumaa: muuza maua, kinyozi, mpishi wa hoteli, wote Wafilipino, wote wakiitana mama. "Mama, umenenepa!" "Mama, ni kioo chako, kina wivu!" Vipande vya hariri vilivyobaki kwenye magauni walijifunga, wakatembea kati ya cherehani kama malkia, na muuza maua akawapa alama kwa ukali ambao sikuwahi kuutumia hata kwenye mtihani wa hifdhi ya Kurani.

Walikuwa na hofu ya kweli. Mwenzao mmoja alikamatwa kwenye sherehe kama hiyo akarudishwa kwao na nguo alizovaa tu. Kwa hiyo waliniomba nikae kwenye kiti mlangoni, na kanzu yangu na msahafu wangu. Yeyote atakayekuja kubisha, atakuta mzee anasoma, ataona haya na kuondoka. Nikakubali. Niliyosoma juu ya jambo lao nayajua, na sikuyasahau nilipovuka bahari. Lakini nilisoma pia haki ya mtu unayekula naye sahani moja, na kwamba aibu ya watu haichunguliwi. Hukumu ina mwenyewe, na hakuwa ameniomba msaada. Nikakaa mlangoni, na mwaka ule nilikhitimu msahafu mara nyingi kuliko Ramadhani zangu zote, alhamdulillahi.

Siku moja Fundi aliniambia anapiga sinema yake mwenyewe, kwa simu. Ilikuwa karibu imekwisha. Tulikuwa peke yetu. Yeye anashona, mimi nasubiri gauni.

"Ni kisa cha fundi cherehani na baba yake," akasema. "Baba anamfukuza mlangoni."

"Kisa cha nani?"

"Changu."

Baba yake alikuwa mzee wa kanisa katika mji mdogo, msimamizi wa kwaya. Miaka kumi na moja nyuma, alipojua mwanawe ni mtu wa namna gani, alisimama mlangoni. Kwao, kama kwetu, mtoto humwamkia mkubwa kwa kuushika mkono wake. Wao huupeleka kwenye paji la uso. Fundi aliinama akaushika mkono wa baba yake. Baba akauchomoa, akasema, "Wewe si mwanangu," akafunga mlango. Tangu siku hiyo hawakuwa wamesemezana. Sasa, katika mji ule ule, ukumbi wa shule ungeonyesha sinema ndogo ndogo za wenyeji, na zilipokewa hadi mwisho wa mwezi. Dada yake alikuwa ameapa kumleta baba, hata kwa kumvuta. Fundi alitaka kitu kimoja tu: mzee yule aone alichofanya, labda atasema neno. Lolote.

"Imebaki picha ya mlangoni," akasema. "Sina baba. Rafiki zangu wote nikiwapa ndevu wanacheka. Tatay, uwe wewe."

Muuza maua aliposikia, alishika kichwa. "Mama! Baba yako Mfilipino, utamleta mweusi hivi?"

"Ni sinema huru. Baba anaweza kuwa hata kabati."

Nilikubali kuwa kabati. Kilichonishinda ni maneno. Waliponipa nijaribu kusema "Wewe si mwanangu," ulimi uligoma. Kwetu neno la mzazi halichezewi. Mzazi akitamka kwamba amekunyima radhi, ameshatamka; huwezi kurudi kesho ukasema ulikuwa unafanya maigizo.

"Lakini mimi kweli si mwanao!" Fundi akapiga kelele.

"Basi siwezi kukukana. Nitakukana vipi nawe si wangu?"

"Mkikosana zaidi," akasema muuza maua, "pigeni hii, ndiyo sinema."

Tukaafikiana: sitasema kitu. Nitachomoa mkono, nitafunga mlango, basi.

Wiki hiyo hiyo madam akatutuma Jedda na gauni la binamu yake, mimi niendeshe, Fundi arekebishe kiuno bibi harusi atakapolivaa. Fundi alishangilia. Alisema Balad, mji mkongwe wa Jedda, kuna nyumba za mawe ya matumbawe zenye madirisha ya mbao kama ya nyumba za zamani za kwao. Alijipulizia manukato Riyadh, akajipulizia njiani mara mbili, na tulipoiona bahari akajipulizia tena. Mimi nimelea mabinti watatu. Sikuuliza kitu.

Karibu na Makka barabara inagawanyika: Waislamu moja kwa moja, wasio Waislamu wazunguke. Nikakata kushoto kwa ajili ya Fundi.

"Pita tu, Tatay," akasema. "Mimi nitashuka nizunguke kwa miguu."

"Na gauni?"

Akaligeukia, limejaa kiti chote cha nyuma. "Hilo nalo halijasilimu."

Aliyetupokea Jedda alikuwa muuguzi wa kiume, Mfilipino pia, mpole, wa miwani, ambaye hakumshika Fundi hata mkono barabarani, ila alimpokea begi la shanga kama mtu anayepokea mtoto mchanga. Gauni lilipomkaa bibi harusi, asubuhi yake tukaenda Balad, watatu. Muuguzi ndiye angeshika simu. Tukachagua kichochoro kitupu na mlango mkongwe uliokuwa wazi nusu. Nikasimama kizingitini. Wakaniambia nikunje uso.

"Yalla," akasema muuguzi.

Fundi akaja na begi lake. Akainama, akaushika mkono wangu, akauweka kwenye paji lake la uso. Na mkono wangu, ambao kwa miaka thelathini ulishikwa na watoto wa madrasa kila asubuhi na kila jioni, haukwenda popote. Nikajisikia nasema, "Marahaba, mwanangu. Mungu akuweke."

"Halas, basi, kata! Tatay, unauchomoa!"

"Nimesahau."

Tukarudia. "Marahaba, mwanangu."

"Tatay!"

"Fikiria kitu cha moto," muuguzi akanishauri. Nikafikiria pasi ya mafundi. Fundi akainama, nikaifikiria pasi kwa nguvu zangu zote, na mdomo ukasema marahaba. Mara ya tano Fundi alisema atahesabu moja, mbili, tatu, na kwenye tatu nivute. Alihesabu. Kwenye tatu nilivuta, lakini naye kwa mazoea aliushikilia, tukavutana kama watu wanaogombania mbuzi, na mkono ukabaki pale pale.

Mara ya sita, mlango ukafunguliwa nyuma yangu. Akatoka mzee wa Kihijazi, mwenye nyumba, na tasbihi yake. Muuguzi akaficha simu. Fundi akabadilika rangi. Watu wa nje kupiga picha mlangoni kwa mwenyeji lilikuwa jambo la kuweza kutufikisha pabaya. Mzee akatutazama mmoja mmoja.

"Mnafanya nini?"

Uongo sikuweza kusema. "Tunapiga kisa cha baba na mwana," nikamjibu kwa Kiarabu changu cha kitabuni. "Mwana anaushika mkono wa baba."

Uso wake ukakunjuka. Akasema vijana wa leo hawajui heshima, na Mungu atulipe kheri kwa kuwakumbusha. Akaingia ndani, akarudi na kahawa na tende, akakaa kwenye ngazi kututazama. Sasa tulikuwa na hadhira. Fundi akanitazama kwa macho ya kusihi: mzee huyu atasema nini ukiuchomoa mkono?

"Yalla," akanong'ona muuguzi.

Fundi akainama mara ya saba. Safari hii sikujaribu kitu. Alikuwa amechoka, mgongo umempinda kwa kukesha siku mbili na kiuno cha bibi harusi, na juu ya nywele zake kulikuwa na uzi mweupe umenasa. Niliutoa uzi. Nikausokota kati ya vidole, kama mama watoto wangu anavyofanya, nikauweka mfukoni. Fundi hakuinua kichwa. Mabega yake yalianza kutikisika, nami sikujua kama anacheka.

"Ahsanta," akasema mzee kwenye ngazi. "Hivyo hasa."

Hakuna aliyesema halas. Muuguzi alikuwa amevua miwani na simu ilikuwa inapiga picha ya ukuta.

Hatukurudia tena. Njiani kurudi Riyadh, Fundi alisema sinema yake imeharibika. Alitaka baba yake ajione alivyokuwa, na sasa atamwona mzee wa Kiafrika anatoa uzi. Nilimwomba msamaha kutoka Taif mpaka tukaanza kuona taa za Riyadh. Lakini mwisho wa mwezi ulikuwa umefika, picha nyingine hakuwa nayo. Akaituma hivyo hivyo.

Baada ya miezi michache alikwenda likizo kwao, na siku ya tatu akanipigia simu. Nilikuwa naegesha gari mbele ya duka, nikazima injini.

"Alikuja?" nikauliza, hata salamu sikutoa.

"Alikuja. Dada alimdanganya ni sinema ya kanisa. Alikaa kimya muda wote, Tatay. Kimya! Nikasema basi, nimekwisha. Halafu ukatokea wewe mlangoni. Nikainama. Ukatoa uzi. Akasimama katikati ya ukumbi, watu mia wamekaa, akanyoosha kidole kwenye pazia: 'Huyo si baba yake! Baba yake ni mimi!'"

Nikashika usukani.

"Watu wakapiga makofi," Fundi akaendelea. "Walidhani ni sehemu ya sinema. Mkuu wa shule akampa maua."

"Na yeye?"

"Aliyapokea. Tangu hapo ananigombeza. Asubuhi ananigombeza, jioni ananigombeza. Yule mzee ni nani, amepata wapi ruhusa, ndevu zile hazichani? Anataka picha ile ipigwe upya, akae yeye. Tatay, utaudhika nikikukata?"

"Nikate," nikasema. "Nikate wote, usibakize hata kidole."

"Ila ni kazi. Jana tumepiga mara tisa, mlangoni kwetu."

"Anauchomoa mkono?"

"Hata hatujafika huko. Anasema siinami vizuri."

Nikasikia nyuma yake sauti ya mzee, kali, ikiita kwa lugha nisiyoijua.

"Ananiita," akasema Fundi.

"Nenda basi," nikamwambia, "ukainame tena."