Darasa alilotafsiriwa na binti yake

Saa moja asubuhi, Bahizire anaingia ndani ya trela la kubebea nafaka akiburuta mpira wa maji ya moto. Yadi hii iko Savage, mji mdogo wa jimbo la Minnesota, Marekani, karibu na mto. Ni Aprili lakini baridi haijaondoka. Maji yanayomrukia kwenye buti yanapoa kabla hajamaliza ukuta mmoja. Kwa siku anaosha matrela kumi na manne. Kelele ya pampu haimruhusu kuzungumza na mtu hadi mapumziko.

"Hapa ni muzuri," anasema akivua glavu. "Hapa hakuna maneno."

Maneno ndiyo yaliyomharibia mwaka.

Bahizire, 43, ni mzaliwa wa Bukavu. Aliishi miaka tisa katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Kigoma, na huko ndiko alikomwoa Imaculata. Walipoletwa Minnesota, binti yao wa pekee, Abigail, alikuwa bado anabebwa mgongoni. Sasa ana miaka kumi na mmoja. Kiswahili anakielewa, ila mara nyingi hujibu kwa Kiingereza.

Wazazi wake waliachana miaka miwili iliyopita. Hakuna aliyempiga mwenzake, wote wawili wanasema hivyo. Waligombana mpaka wakachoka hata kugombana. Imaculata akahamia Maple Grove, karibu na nyumba ya kutunzia wazee anakofanya kazi. Bahizire akabaki Brooklyn Park.

Tangu hapo hawakupigiana simu. Mwambie mama yako nitachelewa. Mwambie baba yako viatu vimekubana. Abigail alipeleka na kurudisha maneno hayo.

Oktoba mwaka jana, hakimu anayesikiliza shauri lao la malezi ya mtoto aliwaagiza wote wawili wasome darasa la wazazi waliotengana na kuleta vyeti ndani ya siku sitini. Bahizire aliambiwa achague. Kulikuwa na darasa la mtandaoni, kwa Kiingereza, ambalo mtu angeweza kulimaliza nyumbani kwa wiki moja. Lingine lilikuwa la ana kwa ana, jijini Saint Paul, lenye mkalimani wa Kiswahili, lakini nafasi zingepatikana Machi, siku sitini zikiwa zimepita.

Alichagua la mtandaoni. Rafiki yake wa kazini, Gilbert, alikuwa amelimaliza kwa jioni mbili.

"Kiingereza ya yadi ninaisikia," anasema Bahizire. "Ile ya korti ni ingine."

Kwa hiyo Jumamosi moja ya Novemba, Abigail alipokuja kulala kwake kama kawaida, alimketisha mezani mbele ya kompyuta na kumwomba amtafsirie.

Masomo matano yalipita vizuri. La sita lilikuwa na video: mama na baba wamesimama mlangoni, mtoto katikati na begi mgongoni. Abigail alitafsiri kwamba mzazi asimtume mtoto kupeleka maneno kwa mzazi mwenzake, kwa sababu mtoto hubeba na hasira iliyomo ndani ya maneno hayo. Kisha akaisimamisha video.

"Endelea, mama," Bahizire alimwambia, kama akina baba wengi wa kwao wanavyowaita binti zao.

Akaendelea. Alitafsiri hadi mwisho, akamjibia maswali yote kumi, akayapata yote. Halafu akaingia bafuni, akajifungia na kufungulia bomba. Baba yake aligonga mlango karibu saa nzima. Alipofungua, alisema kwa Kiswahili:

"Papa, nimechoka kusema maneno yenu."

Yalibaki masomo mawili tu. Bahizire aliifunga kompyuta, na Jumatatu akaomba nafasi ya Machi. Gilbert alimwambia anajichimbia kaburi, kwani hakimu haulizi nani alikusomea.

Lakini hakimu aliuliza. Abigail alikuwa amemsimulia mama yake, na mama akaandika barua mahakamani. Januari, Imaculata alifika na cheti chake. Bahizire alifika mikono mitupu. Aliulizwa, kupitia mkalimani, kama ni kweli alimtumia mtoto kutafsiri darasa hilo.

"Ni kweli," alijibu.

Uamuzi wa muda ulikuwa kwamba amwone binti yake kwa muda wa saa nne tu, Jumamosi moja kila wiki mbili, bila kulala.

Imaculata hafurahii ushindi huo. "Sikuandika kwa chuki," anasema kwa simu. "Mtoto alikuwa hali chakula, hasemi, nami nilitafuta wa kulaumu. Lakini mimi pia nilimtuma. Hilo sikuliandika."

Machi, Bahizire alikwenda Saint Paul Jumamosi mbili mfululizo. Moja ilikuwa zamu yake ya kumwona Abigail, na siku hiyo haikufidiwa. Mkalimani, Uwamariya, mama wa Kinyarwanda aliyekulia Tanzania, aliketi pembeni yake akimnong'oneza. Walipofika kwenye somo la mtoto anayepelekwa kama barua, Bahizire alimwomba aliruke. Uwamariya akasema haruhusiwi kuliruka.

"Yeye alisema kwa sauti yake," anakumbuka Bahizire. "Mimi nilikuwa ninasikia sauti ya mutoto."

Cheti kimeshafika mahakamani. Shauri litasikilizwa tena Juni, na hakuna aliyemwahidi lolote. Abigail huja Jumamosi zake, hula, huvaa visikizio na kutazama dirishani. Bahizire anapotaka kubadilisha saa, humwandikia Imaculata mwenyewe, naye humjibu kwa neno moja au mawili.

Mapumziko yamekwisha, pampu inawashwa. Anavaa glavu upesi, kisha anasema kile atakachomwomba hakimu.

"Alale kwangu usiku moja tu. Asubuhi nimupikie chai, akunywe, na asikuwe na kazi yoyote."