Karani wa Dirisha la Wazee

Karani wa dirisha la wazee husoma kila fomu kama anayesoma orodha ya vipuri, kidole kikifuata mstari. Marahaba yake huitoa bila kuinua macho. Jana nilipanga foleni nyuma ya dada mmoja aliyekuja kumwombea mama yake posho ya uzeeni.

"Mama anaogeshwa na nani?" karani akauliza.

"Hana mtu. Ni mimi tu."

"Anayemlisha?"

"Mimi tu."

Karani akatoa fomu ya pili, ya posho ya walezi, akaandika jina la dada, akamkabidhi. "Huyu Mimi Tu naye ana haki yake, mwanangu. Kaa kwanza, upumzishe miguu."

Dada akakaa, machozi yakamtoka.

"Usiilowanishe fomu," karani akasema. "Zimebaki mbili."