Pembe Niliyopewa Oakdale

Haki ya Mungu, mzee mzima kukojoa kwenye kikombe huku mtu akikutazama, hiyo ni aibu. Nilikuwa nimeshikwa mara ya tatu nikiendesha gari nikiwa mlevi. Jaji akanipa kuchagua: mwaka mzima jela, au mpango wa mahakama yake wa kutibu madereva walevi. Nikachagua mpango. Kila asubuhi nilipiga simu, mashine ikataja rangi, na ikitaja kijani, rangi yangu, natoka kazini Richfield mbio kwenda kupimwa. Kila baada ya wiki mbili nilisimama mbele ya jaji. Kama hujanywa, mahakama yote inakupigia makofi kama mtoto aliyeanza kutembea. Ukinywa, pingu.

Leseni nilinyang'anywa, kwa hivyo binti yangu ndiye aliyenipeleka. Ndiye pia aliyetia sahihi kwamba atasimama nami mpaka nimalize. Alikaa benchi la nyuma na sare yake ya uuguzi, akipiga makofi kuliko wote.

Basi binti huyo akaposwa. Wazee wetu Wakikuyu wa huku ughaibuni walitaka mambo yafanywe sawasawa, na wakwe wakachachusha muratina, ile pombe yetu ya asali, kwenye gereji yao Oakdale. Kwetu, baba humuuliza binti mbele ya watu: tunywe pombe ya hawa? Akisema ndiyo, ameikubali ndoa, na baba hunywa wa kwanza. Baba akikataa kunywa, amemkataa mkwe.

Wazee hawakujua habari za mahakama. Kiburi tu, nitasema nini? Tukiwa kwenye gari binti yangu aliniambia, "Daddy, waambie unatumia dawa. Wataelewa."

Nikamfokea. "Unataka kunivua nguo mbele ya wakwe? Nitajua la kufanya!"

Akakata kona, akaegesha mbele ya nyumba ya wakwe.

Wakati ulipofika nikamuuliza kama tunywe. Akajibu, "Kunyweni." Akaenda jikoni mwenyewe, akarudi na pembe ya ng'ombe ya kunywea imejaa, akapiga magoti akanipa.

Ningeweza kugusisha midomo tu. Ningeweza kumpa kaka yangu, alikuwa ameketi hapo kando. Wala sikuyafikiria hayo, na nisidanganye kwamba nilimfikiria mkwe. Nilifikiria koo langu. Nilisikia harufu ya asali, nikafumba macho, nikainywa yote kama ng'ombe aliyefika mtoni.

Ilikuwa maji ya asali na ndimu.

Nilipofumbua macho, alikuwa bado amepiga magoti, ananitazama. Mpaka leo sijui kama alisahau kunikonyeza au alitaka kuona nitafanya nini. Kina mama wakapiga vigelegele. Akachukua pembe, akaondoka.

Jumanne kipimo kikatoka safi. Jaji akazitaja kwa sauti siku nilizokaa bila kunywa, akanipongeza, makofi yakaanza. Nikageuka kumtafuta binti yangu. Alikuwa palepale nyuma, mikono imelala mapajani.

Jamani, niliumia. Afadhali angenitukana.

Nikainua mkono. "Mheshimiwa, waambie waache. Jumamosi nilipewa pembe nikijua ni pombe, nikainywa yote. Haikuwa pombe, lakini hiyo ni kazi ya yule msichana kule nyuma. Mimi nilikunywa."

Makofi yakafa. Jaji akavua miwani, akaniuliza kwa nini sikuwaambia watu wangu mapema. Wakili wangu akaniangalia kama mtu aliyepandwa na wazimu, na askari wa mlangoni akasogea hatua moja.

Nikasikia mbao za benchi la nyuma zikilia, kama mtu anayeinuka. Sikuthubutu kugeuka. Jaji ndiye aliyemwona kwanza, akamuuliza kama ana la kusema.

"Hapana," binti yangu akajibu. "Nimesimama tu."