Viza ya Mjukuu wa Mkorea

Sitajishusha: hapa Kikula, hakuna mwenye kibanda cha kujaza fomu anayejua mambo ya viza kunishinda mimi.

Juzi aliingia mama mmoja, mweusi kama mimi, na nyuma yake bwana Mwasia. Mama akaweka bahasha mezani.

"Papa, ni viza ya Korea, ile ya bajukuu."

Nikampa bwana kiti changu pekee, tulivyozoea kumfanyia mgeni. Mama, niliyemdhania mfanyakazi wake, nikamwacha amesimama. Nusu saa nzima nikamfundisha bwana: mjukuu wa raia wa Korea anaweza kuomba viza ya ukaazi, uraia ni safari nyingine ndefu, na lazima vyeti vithibitishe babu ni nani. Akawa anaitikia kwa kichwa kwa adabu.

Nikafungua bahasha nitoe picha ya kubandika. Ikatoka picha ya mama.

"Nkambo yangu, baba ya mama, alikuwa Mukorea," akasema. "Minye njo mujukuu."

Nikamgeukia bwana. Akainua karatasi yake moja.

"Minye ni Muchina, papa. Nilikuya kwa photocopie tu."

Kisha akasimama, akamsogezea mama kiti changu. "Ikala, mama."