Achari Iliyokomboa Nyumba ya Ganjoni

Mama mkwe wangu hakutaka tuchukue mkopo. Alitwambia waziwazi, sebuleni kwake Kuze, huku akitumiminia kahawa: "Nyumba ya riba huwala wenyewe." Mume wangu akatabasamu kwa adabu, akambusu mkono, na wiki ile ile tukatia sahihi benki.

Hatukuwa wajinga. Yeye alikuwa karani mkuu katika kampuni ya kutoa mizigo bandarini, mimi nilikuwa nafundisha chekechea, na mabinti zetu wawili walikuwa wakilala chumba kimoja nasi katika nyumba ya kupanga. Nyumba tuliyoipata Ganjoni ilikuwa ghorofa ya pili, vyumba vitatu, na dirisha la jikoni lililoingiza upepo wa bahari kutoka Mbaraki. Siku ya kwanza kuifungua kwa ufunguo wangu mwenyewe nilivua viatu nikazunguka chumba baada ya chumba, ili miguu yangu iijue sakafu.

Kisha ikaja ile miaka ya mwanzo wa tisini, ambayo watu wa rika langu hawahitaji kuelezwa. Shilingi ilianguka. Ulikuwa ukienda dukani na pesa za jana ukaambiwa bei ya leo. Benki ikatuandikia kwamba riba imepanda, na malipo yetu ya kila mwezi yamepanda nayo. Tukajikaza. Ikapanda tena. Tukadhani sasa imefika juu kabisa, haina pa kwenda, nayo ikapanda tena. Katikati ya hayo, mizigo ikapungua bandarini, na kampuni ya mume wangu ikawakusanya wafanyakazi na kuwaambia wachague: nusu mshahara, au nyumbani. Alichagua nusu mshahara. Alirudi siku hiyo akaketi kitandani na tai yake shingoni mpaka adhuhuri ikapita.

Tulifanya yale ambayo kila mtu hufanya. Tuliuza makochi, tukauza friji, tukaacha kula nyama ila Ijumaa. Nilipeleka bangili zangu za harusi kwa sonara. Alizipima kwenye mizani yake ndogo, akanitajia bei, na nikakubali kabla hajamaliza kusema, kwa kuogopa nisije nikabadili nia. Bangili zile alinivisha mamangu kwa mkono wake. Zililipa benki miezi michache tu, kisha tukawa tumerudi pale pale, na sasa mikono yangu mitupu.

Mchana mmoja wa Jumamosi nilichungulia dirishani nikamwona mwanamume amesimama uani, ameinua kichwa, anayatazama madirisha yetu. Alikuwa amevaa suti ya mikono mifupi na anaandika kitu. Bawabu alipanda kuja kuniambia, kwa sauti ya chini, kwamba yule ni dalali wa minada.

Mume wangu alikuwa mezani. Nilimweleza. Akasema, "Labda tuiuze wenyewe, kabla hawajaiuza wao."

"Tukiiuza sasa, nani atanunua? Kila mtu ana shida kama sisi. Tutalipa deni, tutoke bila kitu."

"Basi wewe wasemaje?"

"Tuipangishe. Kodi ilipe benki. Sisi turudi Kuze."

"Kwa mama?"

"Kwa mama."

Alinitazama kama mtu aliyepigwa kofi. "Mwanamume wa makamo, na mke na watoto, anarudi kwa mamake. Watu watasemaje?"

"Watasema amerudi kwa mamake," nikamjibu. "Lakini nyumba yake anayo."

Alisimama, akaoga, akavaa kanzu, akaniambia nijifunge buibui twende.

Njia nzima nilijiandaa kwa maneno ya mama mkwe. Nilijua ana haki ya kuyasema. Alitusikiliza kwa utulivu, mume wangu akieleza na macho yake yakiwa chini, na alipomaliza mama aliuliza, "Mumekula?"

Tulikuwa hatujala. Alituandalia wali na mchuzi wa papa, akangoja mpaka tumenawa mikono, ndipo akasema, "Chumba cha yuu ki wazi. Lakini nina sharti langu. Katika nyumba hini hakukopwi kitu, hata sukari ya dukani. Ikiwa haipo, twanywa chai bila sukari na twashukuru."

Ni hayo tu. Habari ya riba hakuigusa, wala siku ile wala baadaye, na mimi nilimpenda kwa hilo kuliko kwa kile chumba.

Wapangaji wetu walikuwa maharusi wa Kihindi. Baba wa bwana harusi alikuwa na duka la vitambaa Biashara Street. Kijana yule aliniuliza kwa heshima, "Mama, kodi nikupe mkononi?" Nikamwambia aipeleke benki moja kwa moja, katika hesabu ya mkopo wetu. Nilijijua. Pesa zingepita mkononi mwangu na mtoto anahitaji viatu, zisingefika zote.

Kodi ililipa sehemu kubwa, lakini si yote, na kulikuwa na malimbikizo ya nyuma. Nusu mshahara wa mume wangu na changu vilikuwa vya chakula na shule. Kulikosekana kitu cha tatu, na kitu hicho nilikiona jikoni kwa mama mkwe, ndani ya mtungi wa udongo uliofunikwa kwa kitambaa.

Kila msimu wa embe alitengeneza achari. Embe mbichi, changa, ambazo kokwa zake hazijakomaa, alizikata vipande, akazitia chumvi na kuzianika juu ya nyumba penye sakafu wazi, kisha akazitia pilipili, uwatu, haradali, bizari na mafuta yaliyochemshwa yakapoa. Alizigawa kwa jamaa. Watu walikuwa wakija kutoka Majengo na hata Likoni kumsalimia, na sote tulijua salamu zile zilikuwa zinafuata nini.

"Mama," nikamwambia, "tuiuze hii."

"Achari ya nyumbani haiuzwi. Watu wataona twaomba."

"Anayeuza haombi, mama. Anayeomba hana kitu cha kutoa."

Alifikiri kwa siku kadhaa. Kisha asubuhi moja nikamkuta ameketi kwenye kibao na kapu zima la embe mbele yake. "Leta kisu," akasema. "Na kile kikubwa mpe mumeo."

Basi karani mkuu wa kampuni ya mizigo akajifunza kukata embe. Alikuwa akirudi kutoka kazini, akavua shati lake jeupe, akafunga kikoi na kukaa sakafuni na mamake. Alijisugua macho kwa mkono wenye pilipili mara moja tu, hakurudia tena. Kucha zake ziligeuka manjano kwa bizari, na wenzake ofisini walipomuuliza aliwaambia ni dawa. Lakini nilianza kuwasikia, yeye na mamake, wakicheka huko jikoni, na kicheko chake nilikuwa sijakisikia kwa muda mrefu.

Mimi ndiye niliyeuza. Nilitia chupa kwenye kikapu, nikaenda sokoni Marikiti baada ya kutoka shule. Mwenye duka wa kwanza hakunitazama hata usoni. Wa pili alikuwa mzee wa Kihindi muuza viungo, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alichukua kipande, akatafuna polepole, akasema, "Chumvi nyingi."

Nikaanza kufunga kikapu.

"Wapi wenda?" akauliza. "Punguza chumvi, lete tena Jumatatu."

Nilipomweleza mama mkwe, alikasirika kwa heshima ya achari yake, kisha akaionja mwenyewe, akapunguza chumvi. Jumatatu nilipeleka nyingine. Mzee alionja. Aligeuka, akasogeza chupa za mtu mwingine kwenye rafu, na zetu akazipanga mbele.

Hata hivyo, pale mtaani hatukumwambia mtu. Waliouliza tuliwaambia tumehamia Kuze kumwangalia mama, kwa kuwa ni mtu mzima. Niliwapita majirani barazani kwa salamu ndefu na maelezo mafupi. Aibu ile ilinichosha kuliko kazi.

Iliondolewa na mvua. Nilikuwa darasani mawingu yalipokuja ghafla, na juu ya nyumba kulikuwa na embe za wiki nzima zimeanikwa, sakafu yote imefunikwa. Niliomba ruhusa nikakimbia. Nilipofika mlangoni nikasikia kelele za wanawake. Mama mkwe alikuwa amesimama juu huko akiita, "Ndooni! Ndooni munisaidie," na nusu ya mtaa ilikuwa imepanda ngazi. Nilimkuta jirani wa mkabala amebeba sinia la embe kichwani, mwingine amezikusanya katika leso yake mwenyewe, na sebule nzima imejaa majamvi, nyungo na harufu ya chumvi. Mvua ikapiga. Hatukupoteza hata sehemu ya kumi.

Jirani yule alinitazama, akachukua kipande akatia kinywani. "Kumbe nyinyi ndio wa ile achari," akasema. "Mimi naenda mpaka Marikiti kuinunua, na mwenyewe mlango wake watazamana na wangu. Mbona hamusemi?"

Nilitaka kutoa ile hadithi ya kumwangalia mama. Badala yake nikasema, "Twataka kuikomboa nyumba yetu. Benki yataka kuinadi."

Hakuna aliyecheka. Mmoja akasema ndugu yake amenadiwa, mwingine akasema mumewe amefutwa kazi tangu mwaka jana. Tulikaa mle sebuleni mvua ikinyesha, kila mmoja akitoa lake, nami nikaona kuwa nilikuwa nimejificha miongoni mwa watu waliokuwa wamejificha vilevile. Kuanzia wiki ile, wanne kati yao walikuja kukata embe pamoja nasi kwa malipo, na kazi ikawa mara tatu.

Benki ilitangaza mnada hata hivyo. Tulikwenda kwa meneja, mimi na mume wangu. Alikuwa kijana, na nadhani alikuwa amechoka, maana nje ya mlango wake palikuwa na benchi lililojaa watu kama sisi.

"Mama, kila anayekuja hapa ana ahadi," akasema.

"Mimi sina ahadi," nikamwambia. "Tazama hesabu yetu. Kodi imeingia kila mwezi bila kukosa. Na sisi tumeongeza juu yake kila mwezi. Nipe mpaka Idi. Ramadhani ni msimu wetu. Ikifika Idi hatujamaliza malimbikizo, nitakuletea ufunguo mimi mwenyewe."

Mume wangu alinigeukia. Hatukuwa tumepatana kuhusu ufunguo. Lakini alimgeukia meneja akasema, "Mke wangu amesema."

Meneja alipekua faili letu, akauma midomo, akaandika. Mnada ukasimamishwa mpaka Idi.

Sijawahi kufanya kazi kama nilivyofanya mwezi ule. Tulikata tukiwa tumefunga, hatuwezi hata kuonja. Mama mkwe alipima chumvi kwa kuitazama tu. Mzee wa Marikiti aliagiza mara mbili, kisha akatuma mtu kuuliza kama tuna ya ndimu. Tulikuwa hatuna. Wiki iliyofuata tulikuwa nayo. Zilipobaki siku chache mwezi uandame, mume wangu alilipa malimbikizo yote, akaja shuleni kwangu moja kwa moja na kusimama mlangoni mwa darasa. Watoto wakasimama kumwamkia. Aliinua juu risiti ya benki, nami nikaelewa, nikawaambia watoto waimbe wimbo wowote wanaoutaka.

Baadaye riba ilianza kushuka. Mume wangu akapata tena mshahara wake kamili, na akaniambia, "Sasa twaweza kurudi Ganjoni. Malipo yamepungua."

"Yamepungua kwao," nikamwambia. "Sisi tuendelee kulipa kama yalivyokuwa juu. Tumeshazoea."

Alibisha siku nzima. Mamake, aliyekuwa akisuka ukili kimya, akasema bila kuinua kichwa, "Mwana, sikia mkeo. Alokufunza kuzama ndiye atakayekufunza kuelea." Sikujua kama ilikuwa sifa au lawama, lakini ilimaliza ubishi. Tukakaa Kuze, tukalipa kile kile kikubwa, na kila mwezi deni likapungua zaidi ya ilivyotakiwa. Tulimaliza mkopo miaka mingi kabla ya wakati wake. Karani wa benki alihesabu mara mbili, akaenda kumwita mkubwa wake, wakahesabu tena pamoja. Kisha wakatupa hati.

Mume wangu aliishika kwa mikono miwili. Tulitoka nje kwenye jua la Moi Avenue, tukasimama kando ya barabara, watu wakitupita, na hatukujua twende wapi. "Njaa," akasema mwishowe. Tukaingia mkahawani, tukaagiza biriani ya mbuzi, na tukala mpaka mpishi akatoka kututazama.

Mwezi wa kwanza bila malipo ya benki ulituchanganya. Siku ya mshahara ilifika, na zile pesa zikabaki tu mezani. Mama mkwe alizitazama, akasema, "Mukianza kuzipangia, zitaondoka. Pikeni."

Basi tukapika, kule Ganjoni. Wapangaji walikuwa wamehama wiki iliyotangulia, tukawaalika warudi kama wageni, na jirani zetu wote wa Kuze, na mzee wa Marikiti, na walimu wenzangu. Pilau ilipikwa uani kwa sufuria mbili za harusi. Nyumba haikuwa na kiti hata kimoja bado, kwa hiyo watu walikaa sakafuni katika vyumba vyote vitatu, na waliokosa nafasi wakakaa kwenye ngazi mpaka chini kabisa, na bawabu katikati yao. Nilipita na sinia nikiruka miguu ya watu. Kutoka jikoni nilimsikia mume wangu akimweleza mtu, kwa sauti ya mwenye nyumba, namna ya kuchagua embe.